Kutoka Saint-Gilles hadi Bukavu: njia ndefu ya intaneti ya kasi

Msafiri anayeshuka kwenye treni katika stesheni ya Gare du Midi, jijini Brussels, huwa tayari amekanyaga ardhi ya manispaa ya Saint-Gilles. Ni manispaa ndogo, yenye eneo la kilomita za mraba mbili na nusu hivi, lakini ina wakazi wapatao 50,000. Miongoni mwao wamo Waafrika waliotoka katika nchi tatu zilizowahi kutawaliwa na Ubelgiji: Kongo, Rwanda na Burundi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mitaa inayoizunguka stesheni hiyo ilikuwa na maduka ya simu. Ndani yake mlikuwa na vyumba vidogo vyenye namba mlangoni, mashine ya kuhesabu dakika, na orodha ya bei za nchi baada ya nchi iliyobandikwa kwenye kioo. Asiyetaka kuingia humo alinunua kadi ya kukwangua. Na waliokuwa nyumbani, ambao salio lao halikutosha kupiga simu ya kimataifa, walibipu: simu iliita mara moja huku Ulaya, ikakatwa, na aliyebipiwa akajua kuwa anatakiwa.

Sauti za mazungumzo hayo mara nyingi zilipandishwa hadi kwenye setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, kisha zikateremshwa. Safari hiyo huchukua takriban robo sekunde kwenda, na robo nyingine kwa jibu kurudi. Ndiyo sababu watu wawili walikuwa wakisema "haloo" kwa pamoja, halafu wakanyamaza kwa pamoja.

Leo mtu yule yule humwona mama yake kwenye kioo cha simu, akamwuliza kama ametumia dawa, akaoneshwa mtoto aliyezaliwa juzi. Mengi ya yale maduka yametoweka. Mabadiliko hayo yaliletwa na mikongo ya nyuzi za kioo iliyotandazwa chini ya bahari na kando ya barabara, pamoja na minara ya simu inayosimama mwishoni mwa mikongo hiyo. Bahari ilivukwa ndani ya miaka michache. Nchi kavu ndiyo ambayo hadi sasa haijamalizwa, na huko ndiko mazungumzo ya familia nyingi hukatikia.

Waya za Saint-Gilles

Wengi huamini kwamba Ulaya iliimaliza kazi hii zamani. Waya zinazoingia katika nyumba za Saint-Gilles zinasema vingine.

Ubelgiji ilitandaza waya za shaba za simu, kisha, katika nusu ya pili ya karne ya 20, ikatandaza waya za televisheni karibu kila mtaa. Katika Saint-Gilles televisheni ya waya ilikuwa mikononi mwa Brutélé, shirika lililomilikiwa kwa pamoja na manispaa kadhaa, Saint-Gilles ikiwa mojawapo. Huduma zake baadaye ziliuzwa kwa jina la VOO, na mwaka 2023 mtandao huo ukaingia mikononi mwa kampuni ya Orange Belgium.

Waya hizo mbili, ya simu na ya televisheni, zilitosha kupitisha intaneti ya kasi ya kuridhisha. Kwa hiyo hapakuwa na aliyekuwa na haraka ya kuchimba barabara upya. Matokeo yake ni kwamba mwanzoni mwa miaka ya 2020 Ubelgiji ilikuwa miongoni mwa nchi za mwisho katika Umoja wa Ulaya kwa idadi ya nyumba zilizofikiwa na nyuzi za kioo. Proximus, kampuni ya simu ambayo serikali inamiliki zaidi ya nusu ya hisa zake, ilitangaza mpango wake mkubwa wa nyuzi hizo Desemba 2016. Mijini sehemu kubwa ya mkongo haizikwi. Hupitishwa kwenye kuta za mbele za majengo, kutoka nyumba moja hadi ya jirani, jambo ambalo si kila mwenye nyumba amelifurahia.

Hata mawasiliano yasiyotumia waya yalikuwa na vikwazo vyake. Mkoa wa Brussels uliziwekea antena za simu kiwango kikali cha mionzi, volti 6 kwa mita, hadi ulipokipandisha mwaka 2023 kufikia zaidi ya volti 14. Proximus ilipozindua huduma ya kizazi cha tano nchini Ubelgiji mwaka 2020, mji mkuu haukuwamo.

Mhandisi wa Nairobi au Kigali anaweza kutabasamu akisikia hayo. Aliyechelewa kuanza hana waya kuukuu za kulinda, na huweza kurukia moja kwa moja kwenye nyuzi za kioo. Lakini kurukia huko kuna mipaka. Waya kuukuu za Saint-Gilles zilikuwa tayari zimefika katika kila nyumba, zikiwa na mabomba yake chini ya lami na orodha ya namba za nyumba. Asiyekuwa na waya kuukuu hana pia bomba, hana nguzo, na mara nyingi hana hata anwani ya kumfikishia fundi mlangoni.

Pwani iliyorukwa

Afrika Mashariki haikuwa ngeni kwa waya za baharini. Mwaka 1879 waya wa telegrafu ulitoka Aden ukafika Zanzibar, ukaendelea Msumbiji hadi Durban. Serikali ya Uingereza ilitaka habari za vita vya Wazulu zifike London haraka, na Zanzibar ikafaidika kwa kuwa njiani. Ulipofika wakati wa nyuzi za kioo, pwani hiyo ilisubiri miaka 130.

Mkongo wa SAT-3, uliozinduliwa mwaka 2002, ulipita upande wa magharibi mwa Afrika, kutoka Ureno hadi Afrika Kusini. Upande wa mashariki, kutoka Afrika Kusini hadi Pembe ya Afrika, ulibaki mtupu. Vyuo vikuu, benki, magazeti na mikahawa ya intaneti ya Mombasa, Dar es Salaam na Kampala vilitegemea setilaiti. Uwezo wa megabiti moja kwa sekunde uligharimu maelfu ya dola za Marekani kwa mwezi, na chuo kizima kiliweza kugawana kiasi ambacho leo hakimtoshi mwanafunzi mmoja mwenye simu.

Mpango wa kwanza, EASSy, ulianza kujadiliwa mwaka 2003. Fedha hazikuwa kikwazo kikubwa kama ilivyodhaniwa. Kilichoukwamisha ni swali la nani atakayeumiliki mkongo na kwa masharti gani. Makampuni ya simu ya taifa yalitaka mfumo wa kawaida wa umoja wa wamiliki, ambao kila mmoja hupata sehemu yake na kuiuza apendavyo nchini kwake. Serikali kadhaa, chini ya mpango wa NEPAD, zilitaka mkongo ulio wazi kwa kila mnunuzi kwa bei moja, na mwaka 2006 zikaandaa mkataba uliojulikana kama Itifaki ya Kigali. Hofu yao ilikuwa na msingi: katika SAT-3, makampuni yenye ukiritimba yalikuwa yamezipandisha bei juu hata baada ya mkongo kufika.

Kenya ilichoka kusubiri. Chini ya Bitange Ndemo, aliyekuwa katibu mkuu katika Wizara ya Habari na Mawasiliano, ilianzisha mkongo wake wenyewe, TEAMS, kwa kushirikiana na kampuni ya Etisalat ya Umoja wa Falme za Kiarabu. Ulitoka Fujairah, ukafika Mombasa Juni 2009, na kupokewa na Rais Mwai Kibaki. Wakati huo huo wawekezaji binafsi walikuwa wakiutandaza SEACOM, kutoka Afrika Kusini kupitia Maputo, Dar es Salaam, Mombasa na Djibouti, wenye matawi ya kuelekea Ulaya na India. Uzinduzi wake uliahirishwa kwa wiki kadhaa kutokana na maharamia wa Kisomali, ukafanyika tarehe 23 Julai 2009. EASSy, ulioanza kuzungumzwa kabla ya yote, ulikuja wa mwisho, Julai 2010, ukiwa na urefu wa takriban kilomita 10,000 kutoka Mtunzini, Afrika Kusini, hadi Port Sudan.

Mabishano ya EASSy mara nyingi husimuliwa kama miaka iliyopotea. Huenda ni hukumu kali mno. Mwishowe sehemu ya mkongo huo ilichukuliwa na WIOCC, kampuni iliyoundwa na makampuni ya simu ya Kiafrika na kukopeshwa na mashirika ya maendeleo, ikiwemo Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, kwa sharti la kuwauzia wote bila ubaguzi. Na kwa kuwa Kenya haikusubiri, pwani hiyo ilipata mikongo mitatu inayoshindana badala ya mmoja. Bei za jumla zilishuka kutoka maelfu ya dola hadi mamia, na baadaye makumi.

Kinachopita ndani ya uzi

Uzi wa kioo una unene unaokaribia ule wa unywele. Ndani yake mwanga wa leza huwashwa na kuzimwa mabilioni ya mara kwa sekunde, na rangi nyingi za mwanga hupita kwa pamoja bila kuchanganyika. Mwanga huo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Brussels hadi Mombasa hufika kabla ya sehemu ya kumi ya sekunde kwisha. Katika kila makumi ya kilomita huwekwa kifaa cha kuutia nguvu, nacho hupata umeme kutoka vituo vya pwani kupitia mkongo huo huo.

Kwenye kina kirefu mkongo una unene wa bomba la kumwagilia bustani na hulala juu ya sakafu ya bahari bila kufichwa. Karibu na ufuo, ambako kuna nanga na nyavu, huvishwa deraya ya chuma na kufukiwa.

Mipaka mitatu baada ya Mombasa

Kwa familia iliyo Nyali au Upanga, mkongo wa baharini ulifika karibu na mlango. Kwa familia iliyo Bukavu ulifika mahali palipo zaidi ya kilomita 1,800 kwa barabara. Njia iliyozoeleka hupanda kutoka Mombasa hadi Nairobi, ikavuka Malaba kuingia Uganda, ikapita Kampala, ikavuka Gatuna kuingia Rwanda, ikateremka hadi Rusizi, na hatimaye kuvuka mto Ruzizi. Ni mipaka mitatu na sheria za nchi nne. Kila mwenye kipande hutoza ada yake, na mteja wa Bukavu, aliye mwishoni kabisa, ndiye anayezijumlisha zote. Mpaka wa Gatuna ulipofungwa kwa malori kuanzia Februari 2019 hadi Januari 2022, kwa mgogoro kati ya Kampala na Kigali, kila kampuni iliyotegemea njia hiyo pekee ilikumbushwa umuhimu wa njia nyingine, ya Rusumo, inayopita Tanzania.

Serikali zote za ukanda huu zilijenga mikongo ya taifa, na karibu zote kwa mikopo. Kenya ilianza NOFBI kabla ya mikongo ya baharini kufika. Tanzania ilijenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, kazi ikafanywa na kampuni ya Kichina ya CITCC kuanzia mwaka 2009, na uendeshaji ukakabidhiwa kampuni ya TTCL. Mkongo huo uliifikia mipaka ya majirani, na kuanzia hapo Dar es Salaam ikawa mlango wa pili wa nchi zisizo na bahari. Sehemu nyingine haikuhitaji kuchimba hata kidogo: nyuzi za kioo huwekwa ndani ya waya wa juu kabisa wa nguzo kubwa za umeme, ule unaokinga radi.

Uganda ilipata somo la aina yake. Mradi wake, kwa mkopo wa dola milioni 106 wa Benki hiyo hiyo ya Exim na chini ya kampuni ya Huawei, uliishia kwenye mabishano bungeni kuhusu gharama na hata kuhusu uzi wenyewe. Uliotandazwa awali ulikuwa wa aina ya G652, ilhali wakosoaji walisema masafa marefu ya mkongo wa taifa yalihitaji G655. Ni nadra kwa wabunge kujadili kioo kwa namba yake, lakini swali lilikuwa la haki: mkopo hulipwa kwa miaka mingi, na uzi usiofaa hubaki ardhini miaka hiyo yote.

Rwanda ilichagua njia tofauti. Mwaka 2013 iliingia ubia na kampuni ya KT ya Korea Kusini, na kampuni yao, KT Rwanda Networks, ikapewa peke yake haki ya kujenga mtandao wa kizazi cha nne na kuziuzia huduma kwa jumla kampuni za simu. Mtandao ulienea karibu nchi nzima, ufanisi ambao wengi waliusifu. Lakini kufikiwa na mtandao si kuutumia. Wanyarwanda wengi walibaki kwenye vizazi vya zamani, kwa kuwa kampuni za simu hazikuwa na faida kubwa ya kuwahamisha wateja kwenye minara isiyo yao. Mwaka 2023 MTN Rwanda ilianza kutoa kizazi cha nne kwa leseni yake.

Burundi, nchi maskini kuliko majirani zake, iliunda kampuni moja, Burundi Backbone System, iliyounganisha serikali na makampuni ya simu chini ya paa moja. Kwa msaada wa Benki ya Dunia ilitandaza takriban kilomita 1,300 na kuzindua huduma mwaka 2014. Pengine huo ndio mpango uliokuwa na busara zaidi kwa nchi ndogo: kuchimba mtaro mmoja badala ya mitano. Mwaka uliofuata nchi iliingia katika mgogoro wa kisiasa uliowapeleka wengi wa watumiaji wake uhamishoni, baadhi yao Brussels.

Kongo ina kisa kirefu kuliko wote. Mkongo wa WACS ulifika Muanda, kwenye Bahari ya Atlantiki, na ukaanza kazi mwaka 2013, lakini kutoka huko hadi Kivu ni sawa na kuvuka bara. Kwa miaka mingi Goma na Bukavu zilipata intaneti kwa majirani wa mashariki kuliko kwa mji mkuu wao. Mwaka 2021 kampuni ya Liquid ilitangaza kukamilisha njia ya nchi kavu inayoiunganisha Mombasa na Muanda kupitia Kongo, bahari moja hadi nyingine.

Adui wa mikongo hii ya nchi kavu ni wa kawaida mno. Tingatinga la barabara huuchimbua mkongo uliozikwa mwaka uliopita. Mwizi huukata akidhani ndani kuna shaba, akaiacha kando ya mtaro baada ya kuona kioo. Nchini Kenya, tangu ugatuzi wa mwaka 2013, kila kaunti inaweza kudai ada yake kwa kila mita ya mtaro, na kampuni inayopita kaunti kadhaa hulipa mara kadhaa. Manispaa ya Saint-Gilles nayo ina mamlaka juu ya barabara zake. Tofauti ni kwamba pale, kwa miongo kadhaa, manispaa ilikuwa pia mmoja wa wamiliki wa waya.

Kilomita za mwisho

Mkongo ukifika mjini, kilomita za mwisho kwa Waafrika wengi hukamilishwa na redio. Mnara wa simu huhitaji mambo mawili: umeme na njia ya kuufikia mkongo. Pasipo gridi ya umeme mnara huendeshwa kwa jenereta ya dizeli, na mafuta yake hubebwa kwa gari, kwa boti, mahali pengine hata kichwani. Paneli za jua na betri zimepunguza mzigo huo. Njia ya kuufikia mkongo mara nyingi ni antena za duara zinazotazamana kutoka kilima hadi kilima, na uwezo wake hugawanywa na kijiji kizima. Ndiyo maana simu inaweza kuonesha alama zote za mtandao jioni, na picha isifunguke.

Majaribio yamekuwa mengi. Julai 2020 kampuni ya Loon, ndugu wa Google, ilirusha mapuvuto yenye antena juu ya Kenya kwa kushirikiana na Telkom Kenya. Januari 2021 ikatangaza kufunga kwa sababu gharama hazikushuka. Mwaka huo huo wa 2021 mradi mwingine wa kundi hilo, Taara, uliunganisha Brazzaville na Kinshasa kwa miale ya mwanga kuvuka mto Kongo, umbali wa chini ya kilomita tano. Kabla ya hapo mawasiliano kati ya miji hiyo miwili inayotazamana yalizunguka mamia ya kilomita.

Mdogo kwa ukubwa, lakini wa kukumbukwa zaidi na watu wa Kivu, ni mtandao uliopewa jina la Pamoja Net katika kisiwa cha Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu. Ulianzishwa katikati ya miaka ya 2010 mahali ambapo makampuni makubwa hayakuona wateja wa kutosha, kwa redio za kutazamana kuvuka maji, ili wakazi wenyewe wauendeshe. Mitandao ya namna hiyo imejaribiwa pia Kibera, Nairobi. Udhaifu wake unajulikana: fundi mmoja akiondoka, au betri zikichakaa pasipo bajeti, huduma husimama.

Kisha kuna setilaiti za chini, zinazozunguka kilomita 550 hivi kutoka ardhini, ambazo hazina ule ucheleweshaji wa zamani. Starlink ilianza Rwanda na Kenya mwaka 2023. Kongo iliipiga marufuku mwaka 2024, kisha ikaipa leseni Mei 2025. Kwa hospitali ya kijijini au redio ya jamii ni mkombozi. Kwa kaya ya kawaida ya Walungu au Kabare, bei ya kifaa chake ni ndoto.

Na bei ndiyo inayowaacha wengi nje. Kwa mujibu wa Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, mwaka 2024 ni asilimia 38 tu ya watu wa Afrika waliotumia intaneti. Wengi wa waliobaki hawaishi mbali na mnara; wanaishi chini ya kivuli chake, bila simu inayofaa au bila fedha za bando.

Nanga na amri

Februari 2012 mkongo wa EASSy na mingine miwili ilikatika katika Bahari ya Shamu. Siku chache baadaye meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandari ya Mombasa ilitia nanga mahali palipokatazwa na kuukata TEAMS. Eneo zima likabaki likihemea njia zilizosalia.

Miaka 12 baadaye kisa kilijirudia kwa ukali zaidi. Meli ya mizigo Rubymar ilishambuliwa kwa kombora la Wahouthi wa Yemen tarehe 18 Februari 2024, ikaelea huku ikiburura nanga yake, na mikongo mitatu, mmoja ukiwa SEACOM, ikakatika. Ukarabati ulichelewa kwa miezi, kwani meli ya kutengeneza mikongo haiingii kwa urahisi katika maji ya vita. Tarehe 12 Mei mwaka huo, kabla upande wa kaskazini haujapona, EASSy na SEACOM zilikatika upande wa kusini, karibu na pwani ya Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa zilizoathirika zaidi, pamoja na kisiwa cha Mayotte. Aliyekuwa Saint-Gilles akijaribu kuzungumza na Dar es Salaam siku hiyo alidhani simu yake ndiyo mbovu.

Mikato mingine haisababishwi na nanga. Aprili 2015 Burundi ilifunga mitandao ya kijamii maandamano yalipoanza, na wiki chache baadaye vituo vya redio binafsi vya Bujumbura vikashambuliwa na kunyamazishwa. Kongo ilizima intaneti kwa takriban wiki tatu baada ya uchaguzi wa Desemba 2018. Uganda ilizima kwa siku tano wakati wa uchaguzi wa Januari 2021. Tanzania ilizima kuanzia siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, wakati wa maandamano yaliyomwaga damu, na walio ughaibuni wakakaa siku kadhaa bila kujua ndugu zao wako wapi.

Hapa uhandisi na siasa hukutana. Mikongo inavyokuwa mingi, ndivyo nanga moja inavyoshindwa kuitenga nchi. Lakini mikongo yote hupita kwa kampuni chache zenye leseni, na amri moja huzifikia zote kwa saa ile ile. Hakuna mkopo wala mkandarasi aliyewahi kuahidi kulitatua hilo.

Njia zinazokuja

Njia zinaongezeka. PEACE ulifika Mombasa mwaka 2022. Mkongo wa 2Africa, wa takriban kilomita 45,000 na ambao Meta ni mmoja wa wenyewe, ulifika Dar es Salaam mwaka 2023, ingawa kipande chake cha Bahari ya Shamu kilicheleweshwa na vita. Mei 2024 Google ilitangaza mkongo wa Umoja, unaokwepa bahari hiyo kabisa: kutoka Kenya kwa nchi kavu kupitia Uganda, Rwanda, Kongo, Zambia na Zimbabwe hadi Afrika Kusini, na kutoka huko kuvuka bahari hadi Australia.

Mikongo ya nchi kavu nayo hupita penye vita. Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, viwanja vya ndege na benki vilifungwa. Familia zilizotegemea fedha na habari kutoka Ulaya zilibaki na simu peke yake, pale ilipokuwa na chaji. Katika vyumba vya Saint-Gilles, dalili ya kwamba njia imekatika mahali fulani kati ya Marseille na mto Ruzizi huwa ile ile, iwe sababu ni nanga, tingatinga, dizeli au amri: chini ya ujumbe uliotumwa usiku kuna alama moja ya kijivu, na asubuhi bado ni moja.